Bomba Lililominywa: Jinsi Gari la Danielle Lilivyopata Breki za Diski

Mimi ni Symphorien Kalenga, mwana wa Donatien Ilunga, mwana wa Kalenga Mwepu. Babu yangu alitoka Kabongo kwa miguu, akafika Panda, hapa Likasi, wakati kambi za wafanyakazi wa shaba zilipokuwa bado changa. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya kampuni miaka thelathini na mmoja. Hakuna hata siku moja alipoitwa mbele ya mkuu wa kambi kujibu shtaka. Ninawataja wazee hawa ili msomaji ajue kwamba anayeandika hapa hana desturi ya kujidhalilisha. Hata hivyo nitasema kosa langu, na nitalisema lote.

Binti yangu Danielle ni mjane. Ana gari dogo la zamani, lenye umri mara mbili ya umri wa mtoto wake, Arielle, ambaye ana miaka kumi na mitatu. Gari hilo ndilo linalowalisha. Jumatatu alfajiri Danielle huwapeleka wanafunzi wanne wa Panda katika shule zao za bweni huko Mulungwishi. Arielle ni mmoja wao. Jumamosi huwarudisha. Siku nyingine huwapeleka akina mama wachuuzi hadi Kamatanda na kuwarudisha.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilikuwa likiteremka mlima kabla ya daraja. Mbele, lori lilisimama ghafla. Danielle akakandamiza breki, ambazo huku kwetu tunaziita freni. Gari halikusimama. Lilivutwa kuume, likageuka, likagonga kichuguu kando ya barabara. Wanafunzi watatu walitoka salama. Arielle alipasuka juu ya jicho, akashonwa nyuzi nne.

Habari ilifika kwenye parkingi ya madereva kabla ya gari lenyewe. Nami nilikwenda huko kumpokea Danielle; mkuu wa parkingi, Bertin, alikuwa akitungoja huku amekunja mikono.

"Mama Danielle, iyi motokari imekufa. Muiuzishe kwa bantu ya vyuma."

"Imekufa wapi? Imefika hapa na mipira yake yote ine."

"Minye sikataze muntu kazi. Lakini kama haisimame, haitabeba tena batoto ya bantu. Na kusema kweli, volani ni kintu ya banaume."

Madereva, ambao usukani huuita volani, wakacheka. Danielle hakuinamisha macho.

"Bertin, motokari yako kila asubuhi banaiwekea jiwe nyuma ya mupira ju isikimbie. Volani ya banaume inatembea na jiwe?"

Sasa walimcheka Bertin. Alikasirika, akatoa hukumu yake. "Nakupa mwezi moja. Utairudisha hapa, itasimama mbele ya bantu yote. Ikishindwa, zamu yako ya Mulungwishi napatia mwingine."

Basi hilo ndilo lililokuwa hatarini. Bila zamu ya Mulungwishi, binti yangu hana kazi, na Arielle hana ada ya shule.

Jirani yetu ni mzee Idi, dereva mstaafu, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Binti yake, Mwanabibi, alisomea ufundi wa magari, kisha akafanya kazi miaka saba katika karakana ya mgodi. Nilimwita. Alikuja na kisanduku chake cha vyuma, akainua gari kwa jeki, akaweka vigogo imara chini yake, ndipo akaingia. Hakuamini jeki peke yake. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Alikaa chini ya gari muda mrefu. Kisha akasema, "Papa Symphorien, Mama Danielle, mukuye muone."

Tuliinama. Kwa kidole chake alionyesha bomba jembamba linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma la kushoto.

"Iyi bomba baliikunja, kisha baliipiga na nyundo. Mafuta haifike huku. Freni ya nyuma inakamata upande moja tu, wa kuume. Njo maana motokari ilivutwa."

"Nani alifanya ivi?" Danielle akauliza. "Si minye. Minye sijue kitu."

Jibu nilikuwa nalo mimi. Katika mji wetu kuna desturi mbaya. Breki ya gurudumu ikianza kuvuja, na kipuri kikikosekana, fundi huminya bomba ili mafuta yasimwagike. Husema, "Ni ya siku mbili tu." Gari huendelea kutembea. Miaka miwili iliyopita, fundi Carlos wa mtaani kwetu alikuja kufanya hivyo. Nyundo aliyotumia ilikuwa yangu. Nilimpa kwa mkono wangu.

"Ni mimi niliyemruhusu Carlos," nikasema.

Danielle alinitazama kana kwamba hanijui.

"Papa, mulijua?"

"Nilijua. Nilidhani ni ya siku mbili. Kisha nikasahau."

"Mulisahau. Na mutoto wangu alikuwa anakaa mule ndani kila juma."

Hakupiga kelele. Aliingia nyumbani, akafunga mlango polepole. Kwa siku tatu alinipikia, akaniwekea chakula mezani, bila kuniambia neno.

Siku ya nne alitoka nje, akasimama mbele yangu na mbele ya Mwanabibi. "Minye sitauzisha motokari. Na hakuna muntu atakayeminya tena kintu mule. Mwanabibi, utengeneze vile inapaswa. Bertin atatosheka na macho yake."

Mwanabibi alifungua breki za nyuma. Zilikuwa za aina ya kale. Ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo. Ukikandamiza breki, vipande hivyo hutanuka, vikasugua ukuta wa chungu. Mafundi wetu hukiita chungu hicho tambur. Alipokifungua, yalimwagika maji mekundu na tope zito kama uji.

"Kwa hiyo tambur ni mbaya?" nikamwuliza. "Baba yangu aliendesha magari ya tambur maisha yake yote."

"Hapana, Papa. Tambur si mubaya. Kama iko safi na haijaliwa, inasimamisha motokari muzuri. Lakini muangalie hapa." Alisugua ukingo wa chungu kwa kitambaa. Palikuwa na namba zilizochongwa. "Hapa baliandika kipimo ya mwisho. Ikishapita pale, chuma imekuwa nyembamba, inaweza kupasuka." Akapima kwa rula yake ya chuma yenye taya. "Zote mbili zilishapita. Nilishaogopa ivyo, kwa hiyo zile siku tatu nilitafuta zingine za motokari ya aina iyi, Likasi na Lubumbashi. Zinazouzishwa zote zimeliwa vile vile."

"Basi?"

"Basi tuweke diski. Diski ni sahani ya chuma, iko wazi. Plaketi mbili zinaibana huku na huku, sawa vile unakamata kitabu na vidole. Maji inatoka, tope inatoka. Na kuangalia plaketi kama zimekwisha, ni rahisi."

Wakati huo Carlos alikuwa amefika. Alisimama langoni, akatabasamu. Hana roho mbaya. Ana haraka tu.

"Papa Symphorien, ju ya diski munaita muntu wa mugodi? Minye nachomea diski ya motokari yoyote, siku moja tu. Asubuhi nachomea, mangaribi munatembea."

"Unachomea ku nini?" Mwanabibi akamwuliza.

"Ku ekseli pale. Chuma na chuma."

"Siku ile iyo chuma inaachana, utakuwa wapi, Carlos? Utakuwa mule ndani?"

Carlos aliendelea kutabasamu.

"Na freni ya mukono?" Mwanabibi akaendelea. "Ile ya zamani inakaa ndani ya tambur. Ukitoa tambur, umeitoa. Utamupa Mama Danielle nini ku mulima?"

"Jiwe!" Carlos akasema, akacheka peke yake.

Danielle alimnyoshea kidole langoni. "Wewe na jiwe yako, muende."

Hapo Mwanabibi alitufundisha jambo ambalo mimi, mtoto wa karakana, sikulijua. Watu hudhani kuwa breki ya nyuma ikiwa kali zaidi, gari ni salama zaidi. Sivyo. Gari linaposimama, uzito mwingi hukimbilia mbele. Nyuma hubaki nyepesi.

"Freni ya nyuma ikikamata kupita ya mbele," alisema, "mipira ya nyuma inateleza. Mukia inataka kupita kichwa. Motokari inageuka. Kuna kidude kinachogawa nguvu ya mafuta, mbele mingi, nyuma kidogo. Kile cha tambur hakilingane na diski. Na pompa ya freni, ile inayosukuma mafuta, nayo inapaswa kulingana. Kwa hiyo tunatafuta motokari ya aina yetu, ya miaka yetu, iliyotoka kiwandani na diski nyuma. Tunachukua bintu yake yote pamoja. Hatuchanganye."

Wiki mbili zilipita. Wengine walitupitia na kutucheka kuona gari juu ya vigogo. Dereva kijana aitwaye Adam aliniuliza kama nimefungua jumba la makumbusho. Nilimjibu kwamba nimelifungua, na kwamba nafasi ya breki zake imeshaandaliwa.

Hatimaye mzee Idi alipata gari lililogongwa mbele, la aina ile ile, lenye diski nyuma. Mwanabibi alichukua vishikio vyenyewe vinavyofungwa kwa bolti, visivyochomelewa. Akachukua mikono inayobana plaketi, yenye freni ya mkono ndani yake, pamoja na waya zake, kigawa-nguvu na pompa. Diski alizipima; nazo zina kipimo chao cha mwisho. Zilifaa. Plaketi alinunua mpya. Mabomba yote ya nyuma alinunua mapya. Mipira ya ndani ya pompa na ya mikono ya kubana aliibadilisha yote. Kisha akavisha magurudumu na kuyazungusha kwa mkono, kuhakikisha hayagusi chuma.

Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama kahawa. Tulijaza mapya, kutoka kopo lililofungwa. Mafuta ya breki ni ya breki. Mafuta ya injini hutanua mipira na kuiharibu, na sabuni ya maji, ambayo wengine huijaza mahali pa mafuta, ni uchawi wa wajinga.

Ikabaki kutoa hewa ndani ya mabomba. Hewa hubonyea; ikibaki ndani, mguu huzama na gari halisimami. Danielle aliketi ndani, mguu juu ya pedali. Mimi nilishika chupa yenye kijibomba chini, karibu na gurudumu. Mwanabibi alifungua na kufunga skrubu.

"Kandamiza," nikasema.

"Nimekandamiza."

"Shikilia."

"Ninashikilia."

"Achilia polepole."

Tuliendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu, hadi mapovu yakaisha. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote tuliyoambiana tangu siku ile. Mwishoni alisema kutoka ndani ya gari, "Papa, mugongo haiwaume?" Nilijibu kwamba hauniumi. Ulikuwa ukiniuma sana.

Plaketi mpya haziwekwi barabarani papo hapo. Mwanabibi alimpeleka Danielle kwenye barabara tupu nyuma ya viwanda vya zamani. Walipunguza mwendo kwa upole mara nyingi, wakiziacha zipoe katikati, mpaka plaketi na diski zikazoeana. Kisha wakalowesha barabara, wakajaribu kwa nguvu, kwa mwendo mdogo kwanza. Magurudumu ya mbele yalikamata kabla ya yale ya nyuma, kama inavyotakiwa. Na kwenye mteremko freni ya mkono ilishika gari peke yake. Hapakuwa na jiwe.

Siku ya ishirini na sita tangu hukumu ya Bertin tulifika kwenye parkingi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Bertin alisema ataketi ndani mwenyewe, ili asije akadanganywa.

"Fungeni mukanda," Danielle akamwambia.

"Mukanda ni ya batoto."

Walipanda mteremko wa juu ya parkingi, wakageuka, wakashuka kwa kasi. Mbele yetu sote, Danielle akakandamiza. Gari lilisimama wima kama askari, halikwenda kushoto wala kuume. Aliyetikisika ni Bertin. Alitoka akishika paji la uso.

"Mama, we! Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ulisema weye si mutoto."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Bertin naye akacheka, akapaza sauti: "Mulungwishi ni ya Mama Danielle. Imekwisha."

Ningeweza kwenda nyumbani na heshima yangu. Sikwenda. Niliomba kimya, nikasema:

"Miaka miwili gari hili lilibeba watoto wenu likiwa na bomba lililominywa. Niliyetoa nyundo ni mimi, Symphorien Kalenga. Mjukuu wangu ana kovu juu ya jicho. Nimesema langu. Sasa inueni magari yenu."

Hakuna aliyesogea. Adam akasema, "Muzee, shiye tunatembea na Mungu."

"Mungu alikupa mguu wa kukandamiza," nikamjibu. "Bomba umelifunga wewe. Inua gari!"

Adam alimtazama Bertin. Bertin alitazama chini. Kisha Bertin mwenyewe akaleta jeki na vigogo, akainua gari lake. Alikuwa wa kwanza. Mwanabibi akalala chini, akaita, "Iko moja hapa, ya kuume!" Siku ile tuliinua magari kumi na moja. Manne yalikuwa na mabomba yaliyominywa. Hayakupakia abiria mpaka yalipotengenezwa: mengine kwa tambur mpya, moja kwa diski. Carlos sasa hufanya kazi pamoja na Mwanabibi, na ni yeye anayefagia.

Vijana mnaoshika volani, na ninyi mnaoshika nyundo, sisemi nanyi kwa kuwabembeleza. Anayejua kazi msikilizeni, awe mwanamke, awe mdogo kuliko ninyi. Msimwamini anayesema "ya siku mbili tu," hata akiwa baba yenu, hata akiwa na mvi kama zangu. Mwulizeni mbele ya watu: Bomba hili limefunguka? Na kama aliyeminya ni wewe, sema leo, kabla mtoto wa mtu hajashonwa uso. Injini isiwake bado. Lala chini. Tazama.