Maneno Yaliyoishia Ufukweni

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Kisa alifagia uwanja wa kwao Makwale, Kyela, akageuza kakao iliyoanikwa mkekani, kisha akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: kubeba maneno.

Maneno yenyewe yalitoka kwa mama yake, Naomi, kwenda kwa babu yake, Mzee Hezroni, na kurudi. Nyumba zao zilitazamana. Mtu angeweza kurusha limau kutoka mlango huu likaingia ule, lakini wawili hao hawakusemezana. Si kwamba waligombana. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hamkabili baba mkwe wake; hamtazami usoni wala hazungumzi naye. Wengi wameiacha siku hizi, ila Mzee Hezroni aliishika. Naomi naye, ingawa alikuwa muuguzi wa zahanati aliyezoea kuwaamuru wazee wa kata nzima wafungue midomo, alimheshimu hivyohivyo. Akimwona babu anakuja, alijitupa migombani na ndoo yake, utadhani ameona simba.

Basi Kisa, msichana wa darasa la sita mwenye ulimi mwepesi, akawa simu ya ukoo. Na simu hiyo ilipenda kuongeza chumvi. Mama akisema, "Kamwambie babu chai tayari," babu alifikishiwa hivi:

"Babu, muuguzi mkuu anasema chai tayari, na ukichelewa atampa jogoo."

"Mwambie huyo jogoo aje na kikombe chake," babu alijibu, akicheka mpaka akakohoa.

Kila mtu alicheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kisa neno la mama ni lipi na la kwake ni lipi.

Likizo ya mwezi wa sita, baba mkubwa Ezekiel alikuja kutoka Mbeya na gari lake aina ya Noah, pamoja na binti yake Doreen, rika moja na Kisa. Ukoo haukuwa umekutana tangu mazishi ya bibi. Babu alisema anataka kuwaona wanawe na wajukuu wakiwa pamoja bila jeneza katikati. Siku ya kwanza walisherehekea nyumbani kwa wali, keki na soda. Siku iliyofuata wakafunga safari. Walimpitia shangazi kijijini kwake, Katumba Songwe, wakasimama Itungi watoto waone bandari, kisha wakashika barabara ya Matema. Baba yake Kisa alitangulia na pikapu iliyobeba mashangazi na masufuria. Babu alikaa mbele ndani ya Noah. Mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, khanga kichwani, uso dirishani, kwa sababu babu alikuwa na kisukari na ukoo ulitaka muuguzi awe karibu naye.

"Kisa, muulize babu kama miguu imekufa ganzi," mama alinong'ona.

"Babu, huko nyuma wanauliza kama miguu yote miwili bado ni yako."

"Waambie mmoja ni wangu. Mwingine nimeuacha Itungi."

Matema walikuta ziwa limetulia chini ya milima. Watu wazima walitandika mikeka na kuwasha moto, lakini wavuvi walioahidi kuwaletea samaki aina ya mbasa walikuwa bado majini. Mama alilitazama sufuria tupu, akamwita Kisa, ambaye alikuwa ziwani na Doreen wakishindana kuzamisha vichwa.

"Nisikilize vizuri. Samaki wamechelewa. Kamwambie babu asimeze vidonge vyake mpaka aone chakula mbele yake. Vidonge vile vinashusha sukari mwilini. Akimeza bila kula, itashuka mno. Leo usiongeze chumvi. Mwambie kama nilivyosema."

"Sawa, mama."

Alikwenda. Tumtendee haki: alikwenda nusu ya njia. Babu alikuwa mbali, upande wa mitumbwi, akizungumza na mzee mmoja aliyeuza vyungu. Nyuma yake Doreen akapaza sauti, "Unakimbia kwa kuwa umeshindwa. Kumbe watu wa Kyela mnaogopa ziwa lenu wenyewe." Hilo Kisa hakuweza kulivumilia. Alijiambia kwamba atamwambia babu baadaye kidogo, akarudi majini.

"Umemwambia?" mama aliuliza alipomwona.

"Nimemwambia. Amesema ndaga."

Hiyo ndaga, asante ya Kinyakyusa, ndiyo iliyomtuliza mama. Babu alishukuru hivyo siku zote.

Babu alikuwa mtu wa utaratibu. Aliposikia redio ya wavuvi ikianza taarifa ya habari ya mchana, alitoa vidonge mfukoni akameza, kama alivyofanya kila siku. Muda mfupi baadaye upepo uligeuka. Mawingu yakashuka milimani, na mawimbi yakaanza kuifikia mikeka. Mbasa walifika wabichi, mvua ikiwa nyuma yao. Baba mkubwa akaamua waondoke kabla barabara haijaharibika. Samaki wangepikwa njiani, Ipinda.

Babu alipokuwa akipanda gari alimshika Kisa bega. "Mwambie mama yako dawa nimeshameza. Bado samaki tu."

Kisa aliingia garini na ujumbe huo mdomoni. Hakuutoa. Angeutoa vipi bila mama kujua kwamba ule wa kwanza haukufika?

Hawakuwa wamefika mbali babu alipoanza kumwita baba mkubwa kwa jina la ndugu yake mwenyewe aliyekufa zamani. Doreen alicheka, akidhani ni utani. Kisa naye alitaka kucheka, kisha akaona shati la babu limelowa mgongoni na mikono yake inatetemeka magotini.

"Tata, unaniona?" baba mkubwa alimwita, kama alivyomwita baba yake tangu utoto. Babu alijibu kwamba ng'ombe wafunguliwe. Hapakuwa na ng'ombe.

"Kuna soda hapa. Nimpe?"

"Hapana, shemeji," mama alisema kutoka nyuma. "Jana amekula keki na kunywa soda, leo hajameza dawa. Sukari itakuwa imepanda. Kipimo nimekiacha zahanati, lakini soda itamwongezea. Tuwahi kituo cha afya."

Kisa alifungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Aliwaza kwamba kituo hakiko mbali. Aliwaza kwamba daktari atajua tu. Soda ilikuwa pale, katikati ya viti, inagongana na tochi kila gari liliporuka shimo. Daraja likapita, na mashamba ya mpunga uliovunwa yakapita. Kichwa cha babu kikaangukia kioo, hakikuinuka tena. Akaanza kukoroma mkoromo usio wa usingizi.

"Mama," Kisa alisema. "Sikumwambia. Nilirudi majini. Vidonge amemeza, alinituma nikuambie."

Mama hakumkemea. Ingekuwa nafuu kama angemkemea.

"Simamisha gari, shemeji."

Alipita juu ya viti, khanga ikaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaushika uso wa baba mkwe wake kwa mikono miwili. Alimlaza ubavu. Akatoa sukari ya chai kwenye kapu la chakula, akailowesha kwa maji, akampaka kidogo kidogo ndani ya shavu kwa kidole.

"Hafai kupewa soda sasa," alisema, kama anayejisemea. "Hawezi kumeza, atapaliwa. Kabla ya daraja alikuwa bado anaweza."

Kituo cha afya walimtundikia babu dripu ya sukari. Siku hiyo hakufumbua macho. Ukoo uliosafiri kwenda kufurahi ulilala kwenye mabenchi ya kituo, na mbasa wakaozea kwenye ndoo. Babu alipozinduka kesho yake, mkono wa kulia ulikuwa mzito, na safari nzima ilikuwa imefutika kichwani mwake. Daktari alisema ubongo ulikaa muda mrefu mno bila sukari. Mkono ungeweza kurudi taratibu. Kumbukumbu za siku ile, pengine zisirudi.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mama alianza kuvuka uwanja mwenyewe kila asubuhi, akampa babu dawa ana kwa ana baada ya kumwona amekula. Babu ndiye aliyeamua. "Desturi ile ni ya heshima," alisema. "Heshima ya kuzikwa bado sijaihitaji." Ujumbe mwingine ulibebwa na Tumaini, mdogo wake Kisa, aliyekuwa hata kufunga kamba za viatu hajui. Kisa hakutumwa popote.

"Nami nilikosea," mama alimwambia siku moja wakichambua mchele. "Mgonjwa wa kisukari akichanganyikiwa na kipimo hakuna, mpe sukari angali anaweza kumeza. Nilijifunza hivyo chuoni. Siku ile nililiamini neno lako kuliko macho yangu."

Siku chache kabla shule haijafunguliwa, babu alimwita.

"Kaa hapa. Nisimulie safari yetu."

Kisa alikaa. Akajaribu kumfurahisha. "Tulipofika Itungi, babu, ulitaka kuinunua meli."

Babu hakucheka. "Meli ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Basi usiniwekee. Mimi sikumbuki kitu, mjukuu wangu. Ukiniambia ziwa lilikuwa jekundu, nitakufa nikijua nimeona ziwa jekundu."

Kisa akaanza upya, kituo kwa kituo, hadi ufukweni. Hapo akaishia.

"Endelea. Mama yako ameshanisimulia aliyoyaona. Lakini njia ya kutoka penye moto mpaka mitumbwini uliitembea peke yako."

Alisimulia. Alisema aliishia wapi, alisema kwa nini, na alisema soda ilikuwa wapi muda wote alioukaa kimya. Machozi yalimtoka, na babu hakumzuia.

"Anayekutuma ameacha kwenda mwenyewe kwa sababu anakuamini," babu alisema alipomaliza. "Akikuuliza kama umefikisha, hana pa kuangalia ila mdomo wako. Utani wako naupenda, usiuache. Ila ujumbe ufike kwanza. Na ukishindwa kuufikisha, sema umeshindwa, sema mapema, hata kama utaaibika. Ungeaibika mapema, soda moja ingetosha kunitibu."

Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, kisha akamgeukia Kisa, paji la uso limekunjamana.

"Mwanzo umeshanitoka, nirudishie," alisema taratibu. "Umesema tulianzia wapi?"

Kisa akafuta uso, akaanza tena.