Picha za Mama Zilizokataa Kufunguka

Tangu asubuhi Mbula alikuwa akimenya viazi. Waombolezaji walikuwa wengi, na msiba haumwondolei mtu kazi. Mama yake, Kalekye, angezikwa kesho hapa Mbooni, na kijitabu cha mazishi hakikuwa na picha yake.

Mama hakupenda kupigwa picha. Zile chache alizokubali zilikuwa kwenye simu ya Mbula. Sasa zote zilikataa kufunguka.

"Umepoteza uso wa mama," kaka yake Musyimi alisema. "Tutamzika kama mtu asiye na watoto."

Maneno hayo yalimchoma Mbula. Alinawa mikono, akapanda boda boda hadi Nunguni kwa Nzuki, fundi wa kompyuta.

"Pole kwa msiba, dada. Ilianza aje?"

"Mchapaji alisema anataka picha ikiwa PDF. Nikafuta ile jpg mwisho wa jina la picha, nikaandika pdf. Nikabadilisha zote, hata video. Sasa sijui gani ilikuwa gani."

Nzuki hakumcheka. "Ukiandika sukari kwa mkebe wa chumvi, chumvi itageuka?"

"Haiwezi."

"Basi. Umebadilisha jina tu. Picha yenyewe iko. Simu inaamini jina, ndiyo maana inashindwa kufungua."

Kwanza alinakili faili zote za simu kwenye kompyuta yake. "Usiguse kitu cha pekee kabla ya kuweka nakala," alisema. Kisha akafungua kwenye skrini dirisha jeusi lisilo na vitufe, akaandika amri ya mstari mmoja.

"Programu hii haijali jina. Inasoma ndani ya faili, inajua ni picha ama ni video, halafu inarudisha mwisho wa jina unaofaa."

"Na PDF?"

"Hiyo hutengenezwa na programu. Haiji kwa kuandika jina upya. Nitakutengenezea."

Akafungua picha ya kwanza. Mama alikuwa jikoni, ameinua mkono kumzuia mpiga picha, huku akicheka. Mbula alilia kwa sauti mbele ya wateja, wala hakuona haya.

Siku ya mazishi, Musyimi alikitazama kijitabu chenye picha ya mama. "Nisamehe, dada yangu. Nilikuonea."

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika na nyumba kupoa, Mbula alifungua video moja.

"Wacha hiyo simu, Mbula," mama alisema. "Kuja ukule."

Musyimi akamwomba airudie.