Mawe Juu ya Kabati

Bi Mkubwa alikutwa amekufa kitandani, bakuli la supu bado lina uvuguvugu. Inspekta alipofika, binti wa marehemu alikuwa ameshatoa hukumu.

"Amemlisha sumu huyu!" alifoka, akimnyooshea kidole wifi yake, mke wa kaka yake. "Tangu mama apasuliwe nyongo, kila akila chakula cha huyu, homa!"

"Sumu umeijuaje?"

"Daktari aliyempasua alituambia tuchunguze chakula. Yule wanayemwita Mkono wa Hariri, mwenyewe!"

Mkwe wa marehemu alikuwa sakafuni, amempakata mtoto mchanga. "Afande, mama nilikuwa namwogesha kwa mikono hii. Nikifungwa, mwanangu atanyonya kwa nani?"

Mumewe akatazama ukuta. Inspekta alimchukia papo hapo.

Mkwe alipelekwa kituoni na mtoto wake, supu ikapelekwa kwa mkemia. Inspekta akabeba pia kichupa kilichowekwa juu ya kabati, kando ya picha ya harusi. Kilikuwa na mawe matatu ya njano, makubwa, laini.

"Mawe ya nyongo yake," alisema binti. "Daktari huwapa wagonjwa wake ukumbusho. Mama alimwonyesha kila mgeni."

Inspekta akaguna. Mawe ya tumboni kando ya bwana harusi!

Kesho yake mkemia alipiga simu: supu safi. Huko mochari, mpasuaji maiti alikuwa ameinamia meza.

"Jipu nyuma ya ini, limejaa usaha. Na ndani yake hivi." Kibano kikadondosha vijiwe vyeusi, vidogo, vyenye kingo.

"Si walishautoa mfuko wa nyongo?"

"Waliutoa kwa matundu madogo, kwa kamera. Mfuko ukichanika, nyongo na vijiwe humwagika tumboni. Humtokea hata fundi mzuri. Unaosha, unaokota, na mgonjwa unamwambia, ili homa ikija ijulikane pa kutafuta."

Inspekta akatoa kichupa. Mpasuaji maiti alikigeuza mara mbili.

"Haya hayakulala mfuko mmoja na hivi."

Mkono wa Hariri alimpokea Inspekta kwa tabasamu na kiti laini.

"Mfuko wa Bi Mkubwa ulichanika?"

"Mimi sichani. Muulize yeyote."

"Mawe yake yalikuwa ya rangi gani?"

"Njano. Nilimkabidhi mwenyewe."

Inspekta akaweka vijiwe vyeusi mezani. "Hivi vimetoka nyuma ya ini lake. Ya njano uliyatoa tumboni mwa nani?"

Tabasamu likaisha. Daktari akajifuta jasho.

"Ulichanika," alisema. "Wanafunzi walikuwa wamejaa chumbani, wamekuja kuuona mkono usiochana. Niliokota vichache, vingine nikaviacha. Alipozinduka akaomba mawe yake kama wenzake. Vile nilishavitupa, nikampa ya mgonjwa mwingine."

"Homa ilipoanza?"

"Picha moja tu ya tumbo ingeniumbua. Nikampa vidonge, nikasingizia chakula. Sikutaka afe, Inspekta. Nililinda jina."

"Jina lako. Na mama anayenyonyesha aozee jela." Pingu zikalia.

Kituoni, binti alipiga magoti. "Wifi, nisamehe." Mume alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa. Mkwe aliwapita wote wawili. Alimgeukia Inspekta.

"Kile kichupa, afande?"

"Ni kielelezo. Kitakwenda mahakamani."

Mkwe akamweka mtoto begani. "Kila asubuhi mama alinituma nikifute vumbi. Alikuwa akiniambia, mwanangu, usisahau kumwombea daktari wangu."

Akamfunika mtoto vizuri.

"Nami nilimwombea."