Mama Nyoosha na Mishono ya Binti Yake

Jamani wazazi, sogeeni tusemezane. Jumamosi moja asubuhi cherehani ya Mama Nyoosha ilikuwa ikiunguruma taratibu, na binti yake wa miaka kumi alikuwa mkekani akishona foronya kwa mkono, ulimi umemtoka kwa bidii. Wateja walimpa fundi huyu jina hilo kwa sababu hakuvumilia mshono uliokwenda upande. Nyumba ilikuwa na raha yake.

"Mama, nimemaliza! Tazama!"

"Hongera, mwanangu. Lete nikunyooshee kidogo."

Kidogo! Alichukua wembe, akafumua foronya yote, akaishona upya kwa dakika tano. Ilipendeza kweli. Binti akasema asante, akaenda kukaa mlangoni.

Je, hakumpenda? Alimpenda mno, na hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Kitanda alichotandika binti kilitandikwa upya. Vyombo alivyoosha vilirudiwa. Kazi za mikono za shule alizimalizia mama. Kufika miaka kumi na mitatu, binti akitumwa lolote alijibu, "Fanya wewe, mama. Mimi nitaharibu." Na Mama Nyoosha akawa analalamika kwa wateja, "Mtoto mvivu huyu, sijui kamrithi nani!"

Kitu kimoja tu binti alikitamani kwa moyo wote: nafasi katika shule ya ufundi. Shule ilitaka sampuli ya mshono. Mama akaishona yeye, akasema ni ya binti. Loo, ikawapendeza walimu! Wakamwita binti kwa majaribio: abandike mfuko kwenye shati mbele ya mwalimu, kwa saa moja.

Binti alishona, akatazama, akafumua. Akashona tena, akafumua tena. Saa ilipokwisha, kitambaa kilikuwa kimetobokatoboka na mfuko haujashika hata upande mmoja.

Mwalimu akamwita mama pembeni. "Nitakwambia ukweli, mama. Mshono wake wa kwanza ulipinda, lakini ulikuwa imara. Angeuacha, angepita. Nani kamfundisha kufumua hivi?"

Mama Nyoosha aliona haya, akamshika binti mkono wakaondoka. Nafasi akapewa mwingine.

Wiki hiyohiyo mama alimpa binti sketi yake ya kazini. "Nishonee pindo."

"Nitaharibu, mama."

"Haribu. Nitaivaa hivyohivyo."

Pindo lilipanda kushoto, likashuka kulia. Mikono ilimwasha fundi, lakini akaivaa na kusimama mbele ya wateja. Mmoja akaangua kicheko. "Fundi, leo umeshona umefumba macho?"

"Kashona binti yangu," akajibu, "na sketi haijanianguka."

Binti alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Akatoka, akainama kulitazama lile pindo. "Hapa ndipo lilipoanza kupotea, mama. Vua, nilirudie mwenyewe."

Mama akakimbilia ndani kuivua, kabla mtoto hajabadili nia.

FUNZO

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwachie kazi ya umri wake, hata ikipinda. Msifu kwa alichofanya, mwonyeshe alipokosea, kisha arekebishe yeye. Ukimfanyia kila kitu, usimwite mvivu. Umemfundisha mwenyewe kwamba mikono yake haifai, na siku usipokuwepo, atakaa akikungoja.