Koti la Babu Yogesh

Je, umewahi kuulizwa unataka nini ukajibu "chochote tu," huku moyoni unakijua kabisa unachokitaka?

Basi sikiliza habari za Madhu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akikaa na wazazi wake na babu yake huko Kingsbury, London. Kila siku akitoka shule alipita dukani kununua kotimiri na maziwa, akavua viatu mlangoni, akanywa chai ya tangawizi aliyopikiwa na Babu Yogesh. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi. Chai ikichemka alisema tu, "Tunashukuru, mwanangu. Jiko lina moto na watu wetu wote wamo ndani."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Miaka minane nyuma, mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, familia hii iliondoka Jinja kwa ndege mbili tofauti. Wenye pasipoti za Uingereza walikuja London. Babu, ambaye karatasi zake hazikukubaliwa, alipelekwa kambini Italia, akakaa huko miezi saba. Habari za kambi hakuwahi kuzisimulia. Alifika London na koti zito la kijivu, nalo alilipiga brashi kila Jumapili.

Sasa, mwaka 1980, baba alipata likizo, ya kwanza tangu wafike. Wangekwenda Napoli, kusini mwa Italia, kwa siku tatu tu. Baba akampa Madhu daftari jipya.

"Wewe ndiye mpangaji wetu," alimwambia. "Muulize kila mtu anataka kuona nini. Kila mmoja apate nusu siku yake. Jumamosi tunaupeleka mpango kwa Bwana Mahmood, wakala wa tiketi."

Madhu akaanza kazi kwa furaha. Baba alitaka kuona Pompei, mji wa kale uliofunikwa na majivu ya volkano. Mama alitaka soko la vitambaa. "Na chapati za uwatu nitafunga za siku tatu," alisema, "sisi hatuli nyama, na sitaki kubahatisha mchuzi wa watu." Madhu mwenyewe alitaka ngome ya kando ya bahari, na aiskrimu.

Akabaki Babu, aliyekuwa akimenya tangawizi.

"Babu, na wewe unataka wapi?"

Babu alifuta kisu polepole. "Mimi sina neno. Nendeni mnakotaka ninyi."

Sebuleni kipindi cha televisheni anachokipenda Madhu kilikuwa kinaanza. Hakuuliza tena. Aliandika, "Babu: kupumzika hotelini," na ile nusu siku ya Babu akaiongeza kwenye aiskrimu yake.

"Umemuuliza Babu vizuri?" Mama alimwuliza baadaye.

"Ndiyo, Mama. Anasema miguu inamsumbua."

Kesho yake, kwenye kituo cha basi, alimwonyesha daftari rafiki yake Mardhiya, ambaye wazazi wake walitoka Pemba. Hawa wawili walipenda kuongea Kiswahili ili wenzao wa darasani wasiwaelewe.

"Miguu?" Mardhiya akacheka. "Babu yako huyu huyu? Juzi amenipita kwenye ngazi za stesheni na gunia la mchele begani! Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja! Ama kweli umekuwa Mzungu. Bibi yangu mimi hagusi hata biskuti mpaka umkaribishe mara tatu. Ya kwanza anakataa kwa adabu tu."

Madhu alicheka, kisha akalifunga daftari. Kwao pia mambo yalikuwa hivyo hivyo, naye alijua.

Ijumaa baada ya chakula Baba alimwambia asome mpango. Babu alikuja mezani na lile koti la kijivu. Alikuwa ameshalipiga brashi ingawa haikuwa Jumapili, na kifungo kilicholegea alikuwa amekishona upya. Akalitandaza kwenye mgongo wa kiti.

Madhu alisoma mpaka akafika, "Babu: kupumzika hotelini."

Babu akatabasamu kidogo. "Vizuri sana. Lazima awepo mtu wa kulinda mizigo." Akainuka, akalichukua koti, akaelekea nalo kabatini.

"Babu, ngoja!" Machozi yalikuwa yanamlenga Madhu. "Hukusema hivyo. Nimeandika mwenyewe. Na ya miguu nilidanganya. Nilitaka kuwahi televisheni."

Baba alikunja uso, lakini Mama alimtangulia.

"Umefanya vyema kusema kweli, ingawa umechelewa," alisema. "Sasa nisikilize, Madhu. Kazi ya kuuliza ni kazi kama kazi nyingine, na ukiifanya nusu unamwibia mtu. Watu wazima wa kwetu wamezoea kujiweka nyuma ili ninyi mpite mbele. Kwa hiyo kuwashukuru si kusema asante peke yake. Ni kukaa chini, kuuliza tena, na kungoja jibu. Haya, muulize."

Madhu alifuta mstari ule, akafuta na aiskrimu yake. "Babu, unataka wapi?"

Babu alirudi kitini, koti mapajani. "Ah, aiskrimu ni nzuri, mwanangu. Iache."

Madhu akavuta kiti, akakaa karibu naye. Televisheni ilikuwa imewashwa. Baba alikwenda kuizima.

"Babu, nakuomba. Unataka wapi?"

Babu alilipapasa koti.

"Nilifika Napoli kutoka kambini na shati la Jinja," alianza, "na baridi ilikuwa ya Desemba. Kulikuwa na kanisa lenye ngazi nyingi, na juu ya ngazi hizo duka la mikate. Mwanamke mwenye duka aliniona natetemeka. Akaingia ndani, akatoka na koti la mumewe, akanivika mwenyewe na kunifunga vifungo kama mtoto. Lugha yake sikuijua. Nililia tu, nikaondoka."

Akainua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Nataka tupande ngazi zile, sote wanne. Nataka nigonge mlango wake nikiwa nimelivaa, nimwambie nilifika salama, na hawa ndio watu wangu."