Mzigo Nilioupokea Njia ya Kwihara

Shomari, mdogo wangu, alinipigia simu Jumanne saa kumi na moja jioni. "Dada, njoo sasa hivi. Shangazi Maua leo anakumbuka."

Katika daftari la ukoo wetu lilikuwa limebaki jina moja la kujaza: la mama yake bibi mzaa baba. Shangazi peke yake ndiye aliyelijua, na hakuwa na siku nyingi. Nilikuwa nimeshinda kwenye cherehani, mgongo umekufa ganzi. Hata hivyo nilichukua kalamu, nikakatisha kwa njia ya zamani ya misafara ya wapagazi, nyuma ya kijiji cha Kwihara, nifike kabla ya magharibi.

Jua lilikuwa limegusa vichaka niliposikia njuga.

Ndi... ndi... ndi...

Babu mmoja mfupi, shingo imezama mabegani. Kichwani alibeba mzigo uliofungwa kwa jamvi. Alinuka nta na jasho la kale.

"Shikamoo, babu."

Hakuitika. "Nipokee, mjukuu wangu. Hatua tatu tu, shingo ipoe."

Kwetu hatumwachi mzee na mzigo. Nikaupokea.

"Mbona mzito hivi, babu? Umebeba kinu?"

Alicheka bila sauti. "Mzito kwa sababu unajifikiria. Acha. Tazama kisigino cha aliye mbele."

Mbele hapakuwa na mtu.

Kisha pakawa na kisigino. Kimepasuka, cheupe kwa vumbi. Mbele yake kingine. Na kingine...

Nikatembea. Mzigo ukawa mwepesi. Uchovu ukaniacha, na kiu. Sikukumbuka jina langu wala sikulihitaji. Hapakuwa na jana wala baadaye. Kisigino tu.

Sijui nini kilinigutusha. Nilijisikia nikiuliza: mimi ninakwenda wapi?

Mimi.

Mzigo ukaniangusha chini.

Njia ilikuwa tupu. Jua lilikuwa palepale, juu ya vichaka. Nikashukuru kwamba sijachelewa.

Uani kwa shangazi nilikuta watu wamekaa matanga. Shomari alinishika mabega. "Najiat! Siku nne tunakutafuta! Shangazi tumemzika juzi."

"Jina alilitaja?"

"Alilitaja. Alinong'ona, hatukulishika vizuri. Tukasema, atakuja Najiat, atamwuliza tena."

Nilimweleza yote. Alinivuta pembeni.

"Ulimpokea kabla hajaitikia salamu?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Njia ile wazee walikataza."

"Walikataza kwa nini?"

"Hawakusema."

Tangu siku ile najitaja kimoyomoyo kila ninapofanya kazi. Najiat. Najiat. Inachosha kuliko cherehani. Wiki iliyopita nililoweka maharage, nikakaa peke yangu jikoni, nikajisahau.

Kidogo tu...

Nilipoinua macho, maharage yalikuwa yameota, mizizi mirefu kama kidole.