Kabla Gamba Halijakauka

Mpimaji alikutwa saa mbili asubuhi, kalala kifudifudi juu ya maranda ya mbao, nyonga ya kulia imepondwa hata haina umbo. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, hata soksi haikuchafuka. Hatua tatu kutoka hapo, jabari mwenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili alikuwa amejikunja, akihema taratibu.

"Afande, kesi imekwisha hii," Koplo alisema, mkono mmoja ukiishika suruali isimdondoke. Mkanda wake ulikuwa umebaki mlangoni, pamoja na bastola, pingu na funguo. "Muuaji yupo, maiti ipo. Tukanywe chai."

Inspekta alipenga kamasi. Alikuwa na mafua ya wiki ya pili na hakuwa na hamu ya utani.

"Mnyama mwenye hasira hachagui nyonga," alisema. "Angemponda kichwa."

Kwa asiyewajua majabari nieleze kidogo, maana watu wa mjini wamezoea kusema "zile mashine" kana kwamba zinamwagwa na kiwanda. Jabari hutoka kwenye yai lenye ukubwa wa gunia la mkaa. Akianguliwa ni buu, anatambaa na kula kutu. Mwaka wa tatu huota miguu sita na mkono wa winchi, ndipo anaanza kujivua gamba, na kila akijivua anakua, mpaka anabeba daraja zima mgongoni. Siku mbili za kujivua, ngozi huwa laini kama ulimi, macho hayaoni, na njaa yake ni moja tu: chuma cha kugandisha gamba jipya. Ndiyo maana haingii mtu bandani hata na pini ya nywele. Mwishoni, wengine hushika mayai. Hao hupasuliwa wakiwa hai, ngozi ikiwa bado laini, mayai yakachukuliwa, na kilichobaki kikayeyushwa. Anayeamua ni mpimaji: huweka bomba la mti tumboni, akasikiliza, akasaini.

Jabari huyu aliitwa Tulia, na alikuwa amejivua gamba la nne jana yake.

Meneja wa karakana alikuwa akisubiri mlangoni. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wenye glavu ndefu na pipa la tindikali.

"Sheria ni sheria," alisema. "Jabari akiua mtu, anamwagiwa kabla gamba halijakauka. Likishakauka, hata kombora halimwingii. Mwisho wetu ni saa kumi. Nisainie fomu, Inspekta."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano."

"Basi kaa kitako."

Alianza na bawabu, mzee mwembamba aliyekaa pembeni ya sumaku kubwa ya mlangoni, mguu mmoja kaunyoosha.

"Marehemu alipita hapa saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Ratiba yake ilikuwa saa tisa alasiri. Nikamwambia, leo umeota nini? Akacheka tu."

"Alipita na chuma?"

"Kengele ingelia."

"Labda ulisinzia."

Bawabu alijipiga paja. "Humu ndani mna chuma, Afande. Madaktari walinitia baada ya ajali. Miaka kumi na moja sijauvuka mstari ule. Mtu wa hali yangu anasinzia vipi hapa?"

Inspekta aliyaamini maneno yale. Mzee kama huyo akiingia bandani hatoki.

"Nani mwingine anaingia?"

"Mlezi tu. Huyo tuseme anaishi humo."

"Chuma cha kumlisha jabari kinakaa wapi?"

"Stoo ya ndani. Unga wa chuma, kwenye mapipa ya mbao. Ufunguo anao Mlezi."

"Na makoti ya kazi?"

"Yanatundikwa humo humo. Kila mtu na lake."

Daktari wa polisi alikuwa ametandika turubai nje ya banda. Alimwonyesha Inspekta kibakuli chenye vumbi la kijivu.

"Nimelitoa kwenye jeraha. Nilidhani ni udongo, lakini linanasa kwenye sumaku."

Inspekta aliomba koti la marehemu. Lilikuwa la pamba, vifungo vya mti. Upindo wa kushoto ulishonwa kwa uzi mweupe uliochakaa. Upindo wa kulia ulikuwa umenyofolewa, na kwenye kipande kilichobaki zilining'inia nyuzi mpya, nene, za rangi ya kahawia.

"Huu si uzi wa nguo," daktari alisema. "Ni wa utumbo. Ndio wanaoshonea utando wa majabari ukichanika."

Koplo alichungulia juu ya bega lake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kisha akaona aibu.

Kwa hiyo mtu alikuwa ameujaza upindo unga wa chuma, ndani ya banda, ng'ambo ya sumaku. Mpimaji akavaa koti lake kama siku zote na kumsogelea mnyama kipofu mwenye njaa. Inspekta alijisikia vibaya. Aliliangalia pipa la tindikali, akaangalia saa. Saa nane na robo.

Walimkuta Mlezi amechuchumaa chini ya kichwa cha Tulia, akimpangusa jicho kwa kitambaa chenye mafuta. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, kichwa kimenyolewa, mikono mipana. Hakusimama.

"Marehemu alikuwa nani kwako?" Inspekta aliuliza.

"Shemeji yangu. Mume wa mdogo wangu."

"Mlielewana?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Sijauliza hivyo."

"Tulielewana."

"Huyu umemlea tangu lini?"

"Tangu yai. Miezi mitatu nimelala naye blanketi moja ili asipoe. Najua swali linalofuata. Sina mtoto mwingine."

"Koti la shemeji yako nani alilishona?"

Kitambaa kilisimama. "Makoti yanachanika."

"Kwa uzi wa utumbo?"

Mlezi alirudi kulipangusa jicho.

Inspekta alichuchumaa naye, akaikunjua fomu juu ya goti. "Sikiliza, dada. Hapa pana mistari miwili. Nikiandika jabari ameua, wale watu wanaingia na pipa. Nikiandika mtu ameua, pipa linarudi, maana huyu atakuwa ametumika tu kama panga. Lakini siwezi kuandika mtu bila jina la mtu. Uzi na unga havijatosha. Wewe ungekuwa mimi, ungejaza wapi?"

Tulia alihema. Pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka kutu. Mlezi aliinua mkono na kumgusa chini ya taya, pale ngozi ilipokuwa bado laini.

"Mwambie yule meneja arudishe pipa lake," alisema. "Ni mimi."

Inspekta alimsomea haki zake, Koplo akaandika. Maelezo yalitoka bila kusukumwa.

"Nilijua atasaini apasuliwe. Wiki nzima alikuwa hanitazami usoni. Tukikutana anageuka pembeni. Nikajua mayai yapo."

"Hukumuuliza?"

"Wapimaji hawasemi kabla ya kusaini. Kiapo chao."

"Na hii sheria ya tindikali hukuikumbuka?"

"Niliikumbuka. Alipangiwa saa tisa. Mpaka meneja aje, daktari aje, nyinyi mje, gamba limeshakauka. Hapo wangefanya nini? Wangesema ajali." Akafuta pua kwa kiganja. "Sijui kilichomleta asubuhi. Nilikuwa stoo. Nilisikia sauti yake tu, na nikachelewa."

"Ungemzuia?"

"Sijui, Afande. Naona haya kusema sijui, lakini sijui."

Wakatoka naye. Pingu zilikuwa mlangoni kwa bawabu, na kabla Koplo hajafunga mkanda wake vizuri, mwanamke mwenye khanga kichwani alikuja mbio kutoka getini. Alimpita meneja, akampita daktari, akamwangukia Mlezi shingoni.

"Dada, ameniacha," alilia. "Ametoka bila hata chai. Nikamwambia ratiba yako ni saa tisa, akasema hapana, nikasaini mapema, dada yako asishinde na roho juu siku nzima."

Mlezi alisimama wima, mikono imening'inia.

"Asaini nini?" aliuliza.

"Tulia ni tasa. Alimsikiliza mara tatu wiki iliyopita, hana hata yai moja. Ilibaki mara moja tu baada ya kujivua. Alikuwa anakukimbia, dada, anasema akikutazama atacheka na siri itamtoka." Mjane alijifuta macho, ndipo akaona kilichokuwa mkononi mwa Koplo. "Hizo pingu za nani?"

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kumzuia, akawaondoa watu wote kwenye benchi la bawabu.

Mlezi alimshika mdogo wake mabega yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kusimama.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," alisema. "Kaa hapa. Mumeo nimemuua mimi."